Nilivyotengeneza Kizima-Moto Badala ya Bayogesi

Mtu akiniambia tena "tupia humo chochote kinachooza, gesi itakuja yenyewe", tutagombana. Mimi nilimsikiliza mmoja wa aina hiyo. Mtambo wangu wa bayogesi, yaani gesi ya kupikia itokanayo na vitu vinavyooza, ulikuwa umeanza vizuri kwa samadi ya ng'ombe, tamaa ikanishika: makapi ya kukamulia juisi yanatupwa bure, kwa nini yapotee? Nikamwaga ndoo juu ya ndoo, machungwa na maganda yake.

Siku ya tatu mfuko wa gesi ulivimba ukawa kama ngoma. Nikawaita majirani waje washuhudie. Nikafungua koki ya jiko, nikasogeza njiti ya kiberiti: fuu, ikazimika. Ya pili, ikazimika. Ya tatu niliizima mwenyewe kwa hasira. Kumbe ilikuwa hewa ukaa karibu yote, ile inayozima moto; methani, gesi yenyewe inayowaka, kiduchu.

Nilipochota tope, lilinuka siki. Karatasi ya kupimia pH (kipimo cha uchachu, namba ikishuka uchachu umezidi) ikaonyesha 5.5, wakati vijidudu wanaotengeneza methani wanataka 7 hivi. Matunda yana sukari. Huchacha na kutoa asidi upesi kuliko vijidudu hao wanavyoweza kuila. Mafuta ya maganda ya machungwa nayo ni sumu kwao.

Niliacha kuulisha mtambo wiki mbili nzima, na mkono ulikuwa unaniwasha. Chokaa niliikoroga kwenye maji, nikatia kidogo kidogo huku nikipima. Ila kilichouponya hasa ni ndoo kadhaa za tope nililoomba kwenye mtambo wa mwenzangu unaofanya kazi.

Mabua ya mahindi nayo yaliniaibisha. Niliyatia mazimamazima, yakaelea na kuganda juu kama mkeka. Siku hizi nayakatakata yasizidi urefu wa kidole, nayaloweka siku kadhaa kwenye tope linalotoka mtamboni, ndipo nachanganya na samadi, kwa sababu yana kaboni tele na nitrojeni haba. Makapi ya matunda bado natia, ndoo moja kwa samadi nyingi, bila machungwa.

Harufu ya mayai viza kwenye gesi niliimaliza kwa kushindilia stilwaya ndani ya kipande cha bomba inamopita gesi. Ikishakuwa nyeusi tii, nabadilisha. Uvujaji pimeni kwa povu la sabuni, msithubutu kwa kiberiti.

Wiki ya sita nilijaribu tena, usiku. Moto ukashika, wa bluu, ukatulia. Majirani sikuwaita.