Gunia la tatu la mkaa

Ukitaka kujua nani kapiga nini Tanzania, muulize Mtanzania anayeishi nje. Sisi tuliokuwa mbali tulizifuatilia kashfa za nyumbani kuliko hata waliozilipia. Nilipokuwa Reading, Uingereza, nikitoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, silali kabla sijapekua simu kuona leo kumeibuka nini. Richmond ya umeme wa dharura, EPA, yaani akaunti ya madeni ya nje pale Benki Kuu, Escrow ya Tegeta, fedha za mgogoro wa umeme zilizowekwa Benki Kuu, zote nazijua kwa tarehe na kwa majina ya kamati. Kwenye kundi letu la WhatsApp tuligombana mpaka wengine wakanuniana, na hadi leo hawajasalimiana, ilhali hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ananunua umeme wa TANESCO.

Basi nimerudi Temeke na mada zangu kichwani. Kijiweni nataja Escrow, mtu anapuliza kahawa yake, anasema, "Hiyo si ilishapita?" Kisha anarudi kwa Simba na Yanga. Nilipowasimulia wenzangu wa Reading, jibu lao lilikuwa lilelile la siku zote: watu wa nyumbani wamelala, ndiyo maana wanaibiwa. Sikubaliani nao, na kadiri ninavyokaa hapa ndivyo kauli hiyo inavyonikera.

Kwanza, watu hawajasahau. Wanakumbuka kwa mlango mwingine. Chukua Richmond. Mimi nitakwambia habari ya ukame, maji ya bwawa la umeme la Mtera kupungua, mgao wa mwaka 2006, halafu mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Houston, Marekani. Nitakwambia mitambo ilichelewa, kamati ya Dk. Harrison Mwakyembe ikachunguza, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili, Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Shangazi yangu haijui kamati hiyo. Yeye mwaka 2006 alikuwa anauza barafu na samaki wa kugandisha, ana friji moja kubwa alilonunua kwa kucheza upatu. Umeme ulikuwa ukikatika asubuhi unarudi usiku. Samaki wakaoza, akawamwaga, akakopa akaweka wengine, nao wakaoza. Mwishowe friji lenyewe likaungua umeme uliporudi kwa kishindo. Biashara ile hakuirudia tena. Ukimuuliza Richmond ilikuwa nini, anakujibu, "Ilikuwa friji langu." Umeme unaozalishwa sasa Bwawa la Nyerere, megawati 2,115 kwa usanifu wake, unamfurahisha kweli, ila anasema umechelewa.

Pili, wamewahi kukasirika, tena hadharani. Viwanja vya Mwembeyanga si mbali na kwetu. Tarehe 15 Septemba 2007 nilikuwapo pale Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA, chama cha upinzani, aliposoma orodha ya watu 11 aliowaita mafisadi. Watu walipanda miti na mapaa ya mabanda. Kila jina likitajwa uwanja unalipuka, na jina la Lowassa lilikuwamo. Miaka minane baadaye, nikiwa Uingereza, chama kilekile kikamsimamisha Lowassa agombee urais. Dk. Slaa akajitoa. Lowassa akapata kura zaidi ya milioni 6, na nyingine zilitoka kwa watu niliosimama nao Mwembeyanga. (Kwa haki yake, yeye alilalamika bungeni kwamba kamati haikumhoji, na amefariki Februari 2024 bila kesi yoyote ya Richmond kumtia hatiani.) Nilimuuliza binamu yangu, aliyekuwa amepanda mti siku ile, aliwezaje kumpigia kura mtu aliyemzomea. Akanijibu, "Kwani wewe ulitaka tusubiri malaika?"

Jibu hilo liliniudhi. Bado sijalipatia jibu.

Kijiweni nao wananiuliza: huko kwa wenzetu hakuna wizi? Nawasimulia kisa cha bata. Mei 2009 gazeti la Daily Telegraph lilianza kuchapisha madai ya posho ya wabunge wa Uingereza, siku hadi siku, mpaka Spika Michael Martin akaachia ngazi. Mbunge mmoja alikuwa amedai pauni 1,645 za kibanda cha bata kinachoelea bwawani kwake, na dai lenyewe hata halikulipwa. Kazini kwangu wazee wa miaka tisini walitetemeka kwa hasira. Mwingine alikuwa haongei na mtu wiki nzima, siku hiyo aliongea. Wabunge kadhaa walifungwa jela kwa madai ya uongo. Na mimi nikiwa nawalisha uji, nawaza bilioni 133 za EPA zilizotoka Benki Kuu kwenda kwa makampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06, na waliozichukua kupewa mpaka tarehe 31 Oktoba 2008 wawe wamezirudisha. Baadaye wengine walishtakiwa Kisutu na wapo waliofungwa, ni kweli. Lakini hapa mtaani aliyeiba kuku hapewi tarehe.

Kisa cha bata kijiweni walikicheka mpaka kahawa ikawamwagikia. Waliposhusha pumzi, mzee mmoja akasema jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: wale Wazungu walikasirika kwa sababu bata wanawajua. Kila mtu anajua kibanda cha bata ni kitu gani, na anajua hajawahi kununuliwa na serikali.

Sasa njoo kwenye fedha ambazo watu wa hapa wanazijua. Binamu amepanga chumba na sebule, mita ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni yake peke yake. Akinunua umeme wa 10,000, ujumbe unaoingia kwenye simu anausoma mstari kwa mstari kama barua ya mahakama: VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3, EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, halafu kodi ya jengo. Hii ya jengo ilianza kukatwa kwenye LUKU Agosti 2021, 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Jengo si lake, mita ndiyo anayoitumia, kwa hiyo anakatwa yeye. Mwenye nyumba mwanzoni alijifanya hasikii. Binamu akazihifadhi zile meseji zote, mwezi hadi mwezi, na siku ya kulipa kodi ya pango akazipanga mezani moja moja, akakata 18,000 za mwaka mzima mbele ya mashahidi wawili. Tozo za miamala ya simu nazo, zilipoanza Julai 2021 na kufika hadi 10,000 kwa muamala mkubwa, watu walirudi kutuma pesa kwa makondakta wa mabasi na kelele zikapigwa mpaka Septemba serikali ikazipunguza kwa asilimia 30. Hao ndio waliolala.

Lakini kilichonifungua macho zaidi ni msiba.

Baba mkubwa alifariki muda mfupi baada ya mimi kurudi. Tukazika, na siku ya tatu baada ya khitma, kabla watu hawajatawanyika, binamu akasimama chini ya turubai na kaunta buku mkononi asome hesabu. Wanaume kwenye mikeka, wanawake barazani. Mimi niliona ni utaratibu tu, nikawa nawaza usingizi. Akaanza: mfuko wa ukoo kiasi hiki, majirani, kikundi cha akina mama, zilizoingia kwa simu, mpaka shilingi mia tano mia tano za watoto wa madrasa. Akaja matumizi. Sanda na vifaa vya kuoshea. Mchele kilo 70. Nyama, mafuta, vitunguu. Turubai mawili na viti. Basi mawili ya kwenda makaburini. Mkaa magunia matatu, kila moja 85,000.

"Rudia hapo kwenye mkaa," shangazi akasema kutoka barazani.

Akarudia.

"Jikoni nilikuwapo mimi tangu maiti iko ndani. Yameingia magunia mawili."

Shangazi huyu ni mdogo wa marehemu, ana uchungu kuliko sote, macho bado mekundu. Binamu ni mtoto aliyemlea mwenyewe. Hakuna aliyemwambia nyamaza kuna msiba. Binamu naye hakukasirika, akaeleza kwamba gunia la tatu lilipelekwa nyumba ya pili, kwa fundi cherehani, ndiko kulikopikwa chakula cha waliotoka makaburini kwa vile mafiga ya kwetu yalijaa. Shangazi akauliza fundi yupo? Fundi akanyanyuka mkekani, akasema ni kweli, ubwabwa ulipikwa kwake, na gunia limebaki nusu. Watu wakacheka kidogo, hesabu ikataka kuendelea. Shangazi akainua tena mkono: hiyo nusu iandikwe, kwamba ni salio, na iko kwa fundi. Ikaandikwa.

Nikaambiwa baadaye habari za bwana mmoja wa mtaa huuhuu, ambaye zamani alishika daftari la msiba na 40,000 ikakosa maelezo. Hakupigwa wala hakupelekwa polisi. Anasalimiwa, anaalikwa, anasaidia kubeba jeneza la jirani Mkristo. Daftari ndilo haligusi tena. Hata kamati ya harusi ya binti yake mwenyewe mweka hazina alikuwa mtu mwingine.

Hao hao ndio tunaowaambia kutoka Reading kwamba hawajui kudai uwajibikaji. Wanajua kuliko sisi. Shangazi aliweza kuuliza kwa sababu alikuwa jikoni. Zaidi ya bilioni 306 zilizotoka kwenye akaunti ya Escrow ya Tegeta, jikoni alikuwa nani? Waliouliza walikuwa Kamati ya Hesabu za Serikali ya Bunge, Novemba 2014, na tulikesha tukiwasikiliza. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri kwa shilingi bilioni 1.6 zilizoingia kwenye akaunti yake, ambazo alisema ni msaada wa shule, na sehemu yake, milioni 10, kaitumia kwa mboga. Mtaani kilichobaki ni hiyo mboga. Hizo bilioni nyingine hakuna anayeweza hata kuzichora kichwani.

Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, nayo inafika kwa Rais mwisho wa Machi, Aprili inawekwa bungeni, vitabu juu ya vitabu, vyote juu ya fedha za mwaka wa serikali uliokwisha Juni iliyopita. Redio zinaisoma siku mbili tatu, kila taasisi na kasoro yake. Ni kazi kubwa na ya lazima, siidharau. Ila ni hesabu inayosomwa wageni wameshaondoka, mkaa umeshakuwa majivu, na aliyepika hayupo chini ya turubai. Na anayeisoma mwenyewe si kwamba yuko salama. Profesa Mussa Assad, CAG aliyekuwa haogopi kusema, aliondolewa Novemba 2019, na Mahakama Kuu ikaja kutamka Desemba 2022 kwamba kuondolewa kule kulivunja Katiba. Ilichukua miaka mitatu, na kiti kilikuwa na mtu mwingine tayari. Mnywa kahawa wa kijiweni akiona hayo anarudi kwa Simba na Yanga, ambako angalau refa anazomewa mechi ikiendelea. Mimi simlaumu.

Kinachoniudhi mimi ni kitu kingine, na hapa najua nitapingwa. Ukali ule wa msibani unaishia getini. Mtu aliyepiga fedha serikalini akija kwenye msiba huohuo na bahasha nene, anapewa kiti cha mbele na maiki, na hakuna shangazi anayeuliza gunia la tatu limetoka wapi. Nilimuuliza shangazi mwenyewe. Akaniangalia kama mtoto mdogo. "Hela yake sikumpa mimi." Nikamwambia umempa, kwa LUKU, kwa kila mche wa sabuni unaonunua dukani. Akanyamaza, akaendelea kuchambua mchele.

Sijui kama maneno yangu yalimwingia au alikuwa na lake tayari. Ila uchaguzi wa serikali za mitaa ulipita Novemba 2024, na mkutano wa mtaa ulipoitishwa kusoma mapato na matumizi, shangazi alikwenda, jambo ambalo binamu anasema hajawahi kuliona. Wakasoma ada ya taka: kaya kadhaa, kila mwezi kiasi fulani, zote zimepelekwa kwa mzabuni. Shangazi akainua mkono. Akauliza gari la taka limekuja mara ngapi mwezi huo. Mwenyekiti akasema rekodi hizo anazo mzabuni, zitaletwa kikao kijacho. Shangazi akasema vizuri, na yeye ataleta za kwake.

Tangu siku hiyo, kwenye kalenda ya msikiti iliyotundikwa nyuma ya mlango, kila gari likipita anatia alama ya kalamu nyekundu. Gari likipita yeye hayupo, anauliza majirani wawili kabla hajaandika. Fundi cherehani ameanza kutia za kwake pia, ukutani kwa chaki.