Neno moja kwenye khabari

Oktoba 2018 watu 11 waliuawa ndani ya sinagogi kule Pittsburgh, Marekani, asubuhi ya Jumamosi, wakisali. Mmoja wao bibi wa miaka 97. Khabari ya redioni kwetu Unguja niliiandika mimi, na niliandika "Waisraeli 11".

Mhariri wetu, mama mtu mzima, akalizungushia neno lile wino mwekundu.

"Mwanangu, hawa watu wa Pittsburgh. Wayahudi. Huo Uisraeli umeutoa wapi?"

Nikakosa la kusema. Waliuliwa kwa Uyahudi wao, na mimi nimeshawageuza kuwa upande mmoja wa vita vya mbali.

Usiku nikapita Jaws Corner, barazani Mji Mkongwe, kahawa inamiminwa, wazee wanaizungumza khabari ile ile. Mzee mmoja akanambia, "Mtu kuuliwa yuko kwenye ibada yake, wallahi inauma." Wangelisikia neno langu la mwanzo, mazungumzo yangekwenda Gaza na yule bibi asingetajwa.

Gaza tunaitangaza, tena bila ya kuficha, na serikali ya Israel tunaihoji. Lakini Myahudi aliyeuliwa akisali si serikali. Mpaka leo nikifika kwenye neno "Mwisraeli" mkono unasita, narudi juu kusoma tena ni nani aliyekufa.