Umeuza gari kwa kesh? Usiigawe hiyo hela

Jamani hii habari ya dola 10,000, kwamba kesh ikizidi hapo inaripotiwa serikalini, inatesa watu bure. Mtu yuko Marekani kauza gari lake, kalipwa taslimu, basi kila anayemsikia anamshauri agawe hela apeleke benki kidogokidogo IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani) wasijue, na huo ushauri ndo unaoweza kumpeleka jela.

Fomu 8300 inayotisha watu inajazwa na anayepokea kesh inayozidi 10,000 kwenye biashara yake, ana siku 15 za kuituma IRS. Wewe umeendesha gari lako miaka kadhaa, unamuuzia jirani kwa 14,000, hiyo sio biashara na fomu haikuhusu. Ila kama kazi yako ni kununua magari na kuyauza, hata kama huna duka wala bango unauzia hapo hapo nyumbani, inakuhusu kabisa.

Kodi ya mapato nayo ni kwenye faida. Gari ulilinunua 22,000 umeliuza 14,000, faida iko wapi? Hulipi kitu, ingawa hiyo hasara nayo huwezi kuidai kwasababu lilikuwa gari la matumizi yako binafsi.

Sasa benki. Ukifika dirishani na hizo 14,000 keshia atakuomba kitambulisho na atajaza ripoti, wanatakiwa kuripoti kesh yoyote inayozidi 10,000 kwa siku, ni sheria iliyoanza 1970. Hukatwi hata senti na wala sio kwamba umeshtakiwa. Balaa ni ukianza kuikwepa hiyo ripoti, leo 7,000 keshokutwa 7,000, hapo umetenda kosa la jinai hata kama hela yenyewe ni halali na ina maelezo yote, na mimi inaniuma maana wengi wanaofanya hivyo ni watu waaminifu walioogopeshwa tu. Dennis Hastert, aliyewahi kuwa spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani, alikuwa anatoa hela zake benki kwa mafungu yasiyofika 10,000 kukwepa ripoti hiyo, akakiri kosa 2015, mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 15 jela.

Kwahiyo andikianeni karatasi ya mauzo, majina, namba ya chesisi, bei, tarehe, wote msaini na kila mtu abaki na nakala. Na kama inawezekana kutaneni benki kwako, keshia ahesabu na kukagua noti mbele yenu, ndo umkabidhi mwenzio hati ya gari.