Klachi ya Hilux Yangu, Masta Mbili na Tone Lisilokoma

Kwa muda wa miezi miwili nilikuwa nikifungua boneti kila Jumamosi na kuongeza mafuta ya breki kidogo katika kikopo cha klachi, nikijiambia kwamba gari la umri huu lina haki ya kunywa kidogo. Nilikuwa najidanganya. Mfumo wa klachi ya mafuta umefungwa pande zote, na mafuta yake hayaungui wala hayaliwi. Tena sahani ya klachi inapolika, pistoni ya masta ya chini (silinda inayosukuma klachi kwa mafuta; ya juu ndiyo inayosukumwa na pedali) hurudishwa ndani zaidi ya silinda na mafuta hupanda katika kikopo, kinyume kabisa na yanavyofanya mafuta ya breki pedi zinapokwisha. Kikopo cha klachi kikipungua, basi kuna mahali panavuja, na hakuna maelezo mengine.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux ya dizeli, injini ya 5L, yenye masta ya juu iliyofungwa kwenye ukuta wa injini mbele ya dereva, na masta ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi kwa boliti mbili. Lilinigomea nikipanda Kitonga kuelekea Iringa, nyuma ya lori lililokuwa likijikokota: nilikanyaga klachi ili nishushe gia, ikaenda mpaka sakafuni na haikurudi. Nilizima injini, nikavuta breki ya mkono, nikaingiza L4 (gia nzito ya magurudumu manne) na gia ya kwanza, kisha nikawasha gari likiwa ndani ya gia na kuachia breki ya mkono. Injini ya dizeli ina nguvu ya kutosha kuondoka hivyo, japo stata haifurahii, nami nikatambaa hadi mahali penye nafasi kando ya barabara.

Fundi aliyenisaidia siku hiyo alifungua masta ya chini, akasugua tundu la silinda kwa msasa, akaweka raba mpya ya kuzuia mafuta yasipite pistoni na kunitoza bei ya haki kabisa. Ilishika wiki tatu. Simlaumu, maana barabarani hufanywa linalowezekana, lakini nilipoishusha mwenyewe nyumbani na kuimulika kwa tochi niliona vishimo vidogo vya kutu ukutani mwa silinda na mikwaruzo ya msasa iliyokatiza juu yake. Mdomo wa raba unaopita hapo mara mia kadhaa kwa siku hukatika taratibu, hata kama raba yenyewe imetoka dukani leo. Tangu siku hiyo nina msimamo mmoja: silinda yenye vishimo haiwekewi raba, inabadilishwa nzima.

Nikanunua masta mpya ya chini, na baada ya wiki mbili ikaanza kuvuja ya juu. Nilishangaa bila sababu, kwa kuwa masta hiyo na ile ya chini niliyoitoa zilizaliwa siku moja na zimetumia mafuta yaleyale kwa miaka yote. Dalili yake hutafutwa ndani ya gari wala si chini yake: ukiinama chini ya dashibodi na kupitisha kidole mahali fimbo ya pedali inapoingilia masta, utakuta unyevu, na mara nyingi zulia la chini ya miguu ya dereva limekwisha kulowa zamani. Kuna pia uvujaji wa ndani usiotoa hata tone moja nje, ambapo mafuta hupita raba na kurudi katika kikopo. Huo hujulikana kwa kushika pedali imekanyagwa kwenye taa za barabarani huku gari likianza kusogea lenyewe polepole.

Dukani nilipewa masta ya juu iliyofanana na yangu kwa kila kitu, mashimo ya boliti yakiwa yanalingana na fimbo ina urefu uleule. Nilipoitazama ubavuni nikaona imeandikwa 11/16, ilhali ya zamani ilikuwa na 5/8. Hizo ni inchi za kipenyo cha pistoni, na tofauti yake inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: kipenyo kimezidi kwa asilimia 10, lakini eneo la pistoni limezidi kwa asilimia 21, na hivyo pedali huwa nzito kwa kiasi hicho na pistoni ya chini husukumwa mbali kuliko inavyopaswa. Muuzaji alinihakikishia kwamba “inaingia tu”. Ni kweli, inaingia. Nikairudisha.

Kuhusu mafuta, rafiki mmoja alinishauri niweke ya stelingi kwa sababu ni laini na bei yake ni nafuu. Raba za mfumo huu zimetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki ya aina ya glikoli, na zikiguswa na mafuta ya madini kama hayo ya stelingi huvimba na kulainika kama ubani uliotafunwa. Baada ya hapo hakuna cha kuokoa isipokuwa paipu za chuma zilizosafishwa vizuri. Mimi hutumia mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 kama kifuniko cha kikopo kinavyoelekeza, na DOT 4 nayo inafaa, lakini DOT 5 ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. DOT 5.1, ingawa jina linapotosha, ni ya ukoo wa glikoli. Jambo linalosahauliwa ni kwamba mafuta haya hunyonya maji kutoka hewani, na maji hayo ndiyo yanayozaa vile vishimo vya kutu nilivyovitaja. Kwa hiyo nanunua chupa ndogo iliyofungwa, na kinachobaki wazi kwa miezi sikitumii tena.

Sasa nije kwenye tone lenyewe. Masta zote mbili zikiwa mpya, bado kila asubuhi kulikuwa na tone chini ya kiungo cha paipu na masta ya juu. Nilipofungua nati nilikuta utepe mweupe wa mafundi bomba, uliozungushwa kwenye nyuzi na msaidizi wangu wa siku ile kwa nia njema kabisa. Nati ya paipu ya namna hii haizibi kwa nyuzi. Kinachoziba ni ule mdomo wa paipu uliopanuliwa, unaokandamizwa dhidi ya kiti chake ndani ya silinda, na utepe unachofanya ni kuzuia nati isifike mwisho na kumwaga vipande vyake ndani ya mafuta. Kibaya zaidi, nati ilikuwa imefungwa ikiwa imepinda kidogo. Ilinibidi nibadilishe kipande cha paipu.

Safari hii nililegeza kwanza nati zinazoshika masta ukutani ili iweze kuchezacheza, nikaingiza nati ya paipu kwa vidole vitupu hadi ikazunguka bila kugoma, kisha ndipo nikakaza masta, na mwisho paipu kwa spana yake maalumu ya namba 10, ile inayokumbatia nati karibu pande zote. Spana ya kawaida hula kona za nati laini kama hiyo. Nguvu inayotakiwa ni kama Nm 15 tu, yaani mkono mmoja bila hasira.

Kutoa upepo ulioingia kwenye mafuta hakuhitaji maelezo mengi: masta ya juu nilishaijaza mafuta mezani kabla ya kuifunga, na binti yangu akakaa ndani akikanyaga na kushikilia, “Tayari, baba,” nami nikifungua na kufunga nipeli, skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, bila kuacha kikopo kikauke. Mafuta yaliyomwagika niliyaosha kwa maji mara moja, kwa sababu yanatafuna rangi ya gari. Kisha nikarekebisha fimbo ili pedali icheze milimita 1 hadi 5 kabla ya kuanza kusukuma pistoni. Bila uhuru huo pistoni hairudi hadi mwisho, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na klachi huanza kuteleza ukidhani sahani imekwisha.

Usiku ule nilikausha viungo vyote na kuvifunga kwa karatasi ya chooni, kila kimoja na kipande chake. Asubuhi vilikuwa vikavu vyote vinne. Jumamosi iliyopita nilifungua boneti kwa mazoea, nikiwa na chupa mkononi, nikakuta mafuta yamesimama palepale kwenye alama. Nikaingia chini ya gari, nikafunua ile kofia ya mpira ya masta ya chini na kuingiza kidole. Kilitoka na vumbi tu.