Venye nilitoa rangi ya kitambo kwa geti ya mama na grainda

Geti ya mama hapa Migosi, Kisumu, ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi, nyeusi juu ya kijani juu ya sijui ni nini, na hakuna mtu aliwahi toa ya chini, so maganda yalikuwa yanabanduka na chini yake ni kutu tupu. Nikasema safari hii natoa yote mpaka chuma. Msasa wa mkono ungenimaliza, nikaomba jirani grainda ya inchi nne na nusu.

Wengi hukimbilia ile diski ngumu ya kusaga. Achana nayo. Inakula chuma yenyewe, na shiti ya geti, ile bamba ya chuma, ikiwa ya geji 18 ni kama milimita 1.2 tu, ukiikalia inapata moto inajikunja na hutainyoosha tena. Flapu diski, ile ya vipande vya msasa vimepangana, pia inakata sana, niliitumia kwa vichwa vya weldi peke yake. Kazi kubwa ilifanywa na stripu diski, ile nyeusi kama sponji ngumu yenye mashimo, inakwangua rangi na kutu na chuma inabaki vile ilikuwa. Shida yake inaisha haraka, na ukibonyeza inaisha mbio zaidi na rangi inayeyuka inaganda kwa diski. Ishike tu uisogeze, usiikandamize.

Kwa kona na yale maua ya chuma nikafunga brashi ya waya ya kikombe. Hii uiheshimu. Grainda ndogo inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, so soma namba ya mizunguko kwa brashi, kama iko chini ya ile ya grainda usiifunge, na gadi, ile kinga inafunika diski, usiwahi toa ata kama inakusumbua. Waya zinachomoka zinaruka kama sindano, ndio maana juu ya miwani niliweka ngao ya uso na apron ya ngozi. Ukifika ukingoni brashi izunguke ikitoka nje, kwa sababu ikiingia ndani inashika na grainda inakurukia.

Alafu vumbi. Rangi za kitambo zinaweza kuwa na madini ya risasi (lead), ambayo ni sumu, na kwa macho huwezi jua. Watoto walienda kwa shangazi, nikatandika nailoni chini, nikavaa maski ya N95, vumbi nikainyunyizia maji kabla ya kuikusanya, nguo zikafuliwa kando. Mama akatokea mlangoni, "Na kuku je? Si ndio wanadonoa hapo chini?" Ukweli, risasi ikiingia kwa mchanga inafika mpaka kwa mayai. Kuku wakafungiwa.

Brashi ya waya ina ujanja moja, inaacha chuma inang'aa kama kioo unadhani umemaliza, kumbe rangi haishiki kwa chuma laini hivyo. Pitisha msasa namba 80 uikwaruze, panguza na thina, na grainda iwe imezimwa na cheche zimeisha kabisa kabla ufungue huo mkebe. Redoksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu inayotangulia rangi, ipake siku hiyo hiyo. Na huu unyevu wa ziwa chuma ikilala uchi inaamka na kutu, so nilikuwa natoa upande mmoja, napaka praima kabla jioni, ndio naenda ule mwingine.

Kama yako ni ya mabati ya zinki usifanye hivi, utatoa zinki yenyewe ambayo ndio inazuia kutu. Hiyo ni msasa laini kwa mkono na praima ya mabati basi.