Wiki mbili Granada, na bibi wa Albaicín

Watu huniuliza Kihispania nilijifunza wapi, nikiwaambia ni skuli, hapa hapa Mombasa, wanaona nawaficha kitu. Na kweli si jibu kamili. Darasani nilikaa miaka mitatu nikinyambua vitenzi na mdomo haufunguki, matamshi yenyewe hayakunisumbua maana a e i o u zao ni zetu na ile ñ ni ny ya nyanya, lakini kuongea ndo sikuweza. Mdomo ulifunguka Granada, mji wa kusini mwa Uhispania, safari ya skuli, wasichana kumi na moja na maticha wawili.

Siku nne za kwanza nasema wazi zilipotea bure. Waliotupangia safari walituweka hosteli moja sote, basi asubuhi Kingereza, usiku Kiswahili, Kihispania ni cha kununulia maji tu. Mamangu aliuza bangili zake ili mimi nende, na niko Uhispania napiga stori za Makadara kitandani! Iliniuma wallahi, na bado yaniuma.

Siku ya tano ndo tukagawanywa majumbani wawili wawili. Sisi tukapelekwa Albaicín, mtaa wa kilimani unaotazamana na Alhambra, ile ngome na kasri la wafalme Waislamu wa zamani, vijia vyembamba vya mawe na kuta nyeupe, ungesema uko Kibokoni isipokuwa huku wapanda tu mpaka magoti yanatetemeka. Mwenye nyumba ni bibi mtu mzima, Kingereza hajui hata neno.

Usiku wa kwanza nikamwambia no como cerdo, sili nguruwe, sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu Nairobi tulipoenda kutafuta viza. Akatikisa kichwa, akaondoa sahani ya jamón, nyama ya nguruwe iliyokaushwa, mezani, akatukaangia tortilla, na tortilla yao si ya kukunja kama chapati, ni mayai na viazi, akaibinua kwa sahani ikatoka nene kama mkate wa sinia. Ilikuwa mwezi wa sita, jua linazama saa tatu unusu usiku, sisi twaswali Magharibi ndo tuje tule.

Baada ya hapo nikawa simwachi jikoni. Yeye amenya vitunguu saumu, mimi nauliza jina la kila kitu. Sukari ni azúcar. Meza ni mesa, hiyo sisi tuliletewa na Wareno hawa wa Fort Jesus, na bendera, bandera, vilevile. Lakini lililonisimamisha ni hasta. Skuli tulifundishwa hasta mañana, yaani mpaka kesho, nikaikariri kama salamu tu, sasa bibi analalamika kuhusu jirani yake anayepiga kelele desde la mañana hasta la noche, nami nikasikia kabisa tangu asubuhi hata usiku, kama anavyosema nyanyangu. Na ni neno lile lile, hattā ya Kiarabu, Waarabu walitawala kule mpaka 1492, likabaki kwao na kwetu likaja kwa majahazi. Tangu siku hiyo sikuogopa tena kukosea, nikawa naropoka tu na bibi anarekebisha, pole pole, bila kucheka.

Mwaka huu kundi jengine linaenda. Nimemfuata ticha mara mbili kumwomba wasiwekwe hosteli, wapelekwe majumbani siku ile ile ya kwanza, hata kama wamechoka na ndege, hata kama wanalia. Amesema ataongea na wanaopanga. Jumamosi nakutana na wasichana wenyewe, twaanza na no como cerdo.