Neno Bajeti

Usiku wa kuamkia usaili wangu wa kwanza wa kazi ya uhasibu nilisimama mbele ya kioo nikajibu maswali yote bila kukwama. Wiki nzima ilikuwa hivyo. Dada alinisikia akiwa mlangoni.

"Hebu njoo uniambie mimi, mdogo wangu."

Nikaketi mbele yake. "Karibu. Unaitwa nani?" akauliza kama msaili.

Jina langu linaanza na B. Midomo ikabana, shingo ikakakamaa, vidole vikang'ang'ania ukingo wa kiti. Wengi wenye kigugumizi husema bila shida wakiwa peke yao, na mimi wiki nzima nilikuwa nimejiandaa kwa usaili usio na msaili.

Maneno mengine nilizoea kuyakwepa. "Bajeti" likikataa, nasema "makadirio ya matumizi". Lakini jina halina kisawe, na mhasibu anayezungukazunguka bajeti huonekana hajui kazi yake. Hilo lilikuwa likiniuma kuliko kigugumizi chenyewe, maana kazi naijua.

Nilikuwa nimesoma habari za Charles Van Riper, mtaalamu wa matatizo ya usemi wa Marekani aliyekuwa na kigugumizi mwenyewe. Alifundisha kwamba ukikwama usilitoroke neno wala usilisukume kwa nguvu: bakia papo hapo kwenye sauti, legeza, kisha toka nalo taratibu. Tukajaribu hivyo mpaka usiku wa manane. Dada hakunimalizia neno hata moja, na najua ilimgharimu. Nilimwona akiuma mdomo. Kila nilipoinamisha macho alisema tu, "Niangalie."

Tukatunga na sentensi ya kufungulia: "Nina kigugumizi. Nikikwama naomba mnisubiri, nitamaliza." Niliogopa ingenikosesha kazi. "Kwani usiposema hawatasikia?" akauliza dada.

Kesho yake wasaili walikuwa watatu. Nilikwama kwenye hilo hilo neno "kigugumizi". Mama mmoja aliweka kalamu chini akasubiri. Kisha jina. B ikabana, nikaiacha ibane, nikamtazama yule mama, nikalegeza midomo, pumzi ikapita, jina likatoka zima.

Wakauliza ningefanyaje matumizi yakizidi kiwango kilichopangwa. Jibu lilichukua muda mrefu, na lilijaa vituo. Nilipotoka nje nikahesabu: neno bajeti nilikuwa nimelisema mara saba, na makadirio ya matumizi sikuyataja kabisa.